Levo, almasi na gurudumu la bahati: kitu gani kinamshika kijana kwenye gemu la bunduki?

Baada ya sala ya Isha, katika vijiji vingi vya Pemba utawakuta vijana wanne watano wamekaa barazani, kila mmoja ameinamia simu yake, lakini wanapigiana kelele: "Niko nyuma ya nyumba! Njoo unifufue! Wawili kulia!" Mpita njia asiyejua atadhani kuna ugomvi. Ni gemu la kupigana risasi linalochezwa kwa intaneti, mara nyingi Free Fire au PUBG Mobile, na hao wanaopigana nao huenda wako Tanga, Mombasa au nchi ambayo hata jina lake hawalijui.

Wazee wengi huuliza jambo moja: mtoto huyu anashikwa na nini hasa? Jibu linalokuja haraka ni bunduki. Lakini bunduki ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni ile hesabu inayoendelea baada ya mechi kwisha: levo imepanda ngapi, daraja limebaki pointi ngapi, zawadi ya leo imechukuliwa au bado. Makala hii inaeleza hesabu hiyo inavyotengenezwa na kwa nini inafanya kazi.

Bao halina levo

Chukua bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili. Fundi aliyekufunga jana mara tatu, leo akikaa mbele yako anaanza na kete zile zile ulizonazo wewe. Ushindi wa jana umempa jina mtaani, basi. Ubao haumkumbuki.

Magemu ya kwanza ya kupigana risasi kwa mtandao yalikuwa hivyo hivyo. Katika Quake III Arena ya mwaka 1999, au Counter-Strike iliyotoka miaka hiyo hiyo, anayeingia leo na aliyecheza mwaka mzima wanaanza mechi sawa, na tofauti yao ni mikono na macho tu. Mwaka 2005 gemu la Battlefield 2 likaweka vyeo vya kudumu na silaha zinazofunguliwa kadiri unavyopanda. Ila lililobadili kila kitu ni Call of Duty 4: Modern Warfare, lililotolewa Novemba 2007 na Infinity Ward ya Marekani. Humo kila adui uliyempiga alikupa pointi, pointi zikakupandisha levo, na levo zikakufungulia bunduki mpya. Levo zilikuwa 55. Aliyefika mwisho alipewa chaguo la ajabu: akubali kurudi levo ya 1, apoteze silaha zote alizozifungua, na badala yake apate alama mpya pembeni ya jina lake. Kwa hesabu ya duka, hiyo ni hasara tupu. Watu wengi mno walikubali, na wengine wakarudia mara 10, ambayo ndiyo ilikuwa idadi ya juu.

Hapo watengenezaji wa magemu walijifunza somo ambalo hawajalisahau. Mtu hahitaji kupewa kitu chenye thamani. Anahitaji kuona kwamba alichofanya leo kimeandikwa mahali, na kwamba wenzake wanakiona.

Kupanda na kushushwa

Free Fire ilitoka mwaka 2017 chini ya Garena, kampuni iliyo ndani ya Sea Limited ya Singapore. Wachezaji 50 wanashushwa kisiwani, mechi huchukua kama dakika 10, na wa mwisho kubaki hai anaandikiwa "Booyah!" Ilitengenezwa iweze kwenda kwenye simu za bei nafuu, na hilo peke yake linaeleza kwa nini imeenea vijijini kuliko nyingine. Katikati ya mwaka 2021 Sea ilitangaza kwamba siku yenye wachezaji wengi zaidi gemu hilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni 150. PUBG Mobile, iliyotoka kimataifa mwaka 2018, inachukua watu 100 kwa mechi na inataka simu yenye nguvu zaidi na muda mrefu zaidi.

Yote mawili yana ngazi ya madaraja: Bronze, Silver, Gold, Platinum, Diamond na kuendelea juu. Katika Free Fire juu yake kuna Heroic, na kileleni Grandmaster. Katika PUBG Mobile kileleni ni Conqueror, ambayo ni ya wachezaji 500 wa juu tu katika kila seva. Ukisikia kijana anajitambulisha kwa neno "Heroic", anataja cheo chake, kama vile mwingine angetaja kidato.

Chini ngazi ni laini. Mgeni anashinda haraka, na katika PUBG Mobile wengi wa anaowapiga mwanzoni si watu: ni boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta, waliowekwa ili mgeni asikate tamaa. Nakiri kwamba kijana akijisifu kwa ushindi wake wa wiki ya kwanza, mimi hunyamaza tu.

Juu ngazi inakuwa ngumu, na kila msimu, ambao ni kama miezi miwili, watu wote hushushwa madaraja kadhaa waanze kupanda tena. Hapa ndipo penye ujanja. Ingekuwa cheo kinabaki, mtu angefika anapotaka akapumzika. Kwa kuwa kinashushwa, lazima apande tena ili abaki alipokuwa. Anachocheza nacho si hamu ya kupata bali uchungu wa kupoteza, na uchungu wa kupoteza ndio wenye nguvu zaidi. Kalenda ya msimu haijui mtihani wa Kidato cha Nne wala kumi la mwisho la Ramadhani. Msimu unakwisha siku yake.

Zawadi ya kila siku inakwenda kwa njia hiyo hiyo. Fungua gemu leo upate kitu kidogo, kesho kikubwa kidogo, siku ya saba kikubwa zaidi. Kijana anayekwambia "nafungua mara moja tu, sichezi" pengine anasema kweli. Lakini ameshafungua.

Mchumaji wa karafuu na mvuvi wa mshipi

Tukitaka kuielewa sehemu yenye nguvu kuliko zote, tusiende mbali. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi. Akileta tatu analipwa tatu. Akichoka anashuka mkarafuuni, na anajua amekosa nini: pishi moja, kwa bei inayojulikana.

Mvuvi wa mshipi hana hesabu hiyo. Anatupa ndoana mara 20 hapati kitu, mara ya 21 anapata changu mdogo, ya 22 anavuta kitu kizito. Hajui kipi kinakuja na lini. Muulize kwa nini harudi nyumbani jua likizama, atakwambia, "Natupa mara moja tena."

Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alilipima jambo hili kwa njiwa, na mwaka 1957 yeye na Charles Ferster walichapisha kitabu kizima juu yake. Njiwa aliyepewa chakula kila baada ya idadi ile ile ya midonoo alikuwa akila kisha anapumzika kabla ya kuanza tena. Njiwa ambaye idadi yake ilibadilika-badilika alidonoa kwa kasi bila kupumzika, na hata chakula kilipokatwa kabisa, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu zaidi.

Gemu la simu lina pishi na lina mshipi. Pishi ni levo, kazi za siku ("piga watu 5 kwa bunduki hii"), na pasi ya msimu unayoijaza hatua kwa hatua. Mshipi ni makreti na magurudumu ya bahati: unalipa, gurudumu linazunguka, huenda likatoa skini ya bunduki inayowaka moto, huenda likatoa takataka. Pishi linakufanya urudi kila siku. Mshipi unakufanya utoe pesa.

Almasi moja ni shilingi ngapi?

Kuingia ni bure, na kucheza ni bure ukiacha bando. Pesa inaingia kupitia sarafu ya ndani: Free Fire ina almasi, PUBG Mobile ina UC. Pakiti ndogo ya almasi kama 100 huuzwa karibu dola 1 ya Marekani, yaani zaidi ya shilingi 2,000. Lakini bei za vitu humo hazitajwi kwa shilingi. Zinatajwa kwa almasi, na mara nyingi hazilingani na pakiti: kitu kinataka almasi zaidi kidogo ya ulizonazo, au kinaacha chenji isiyotosha chochote. Kijana anayehesabu almasi haoni kwamba gurudumu la jana usiku lilikuwa nauli ya kwenda Chake na kurudi.

Wanachonunua ni nini? Mara nyingi ni nguo, rangi za bunduki na mitindo ya kucheza baada ya kumpiga mtu. Katika Free Fire baadhi ya skini za bunduki zimekuwa pia zikibadilisha kidogo nguvu au kasi yake, jambo linalowaudhi wanaocheza bila kulipa. Ila hata nguo tupu ina kazi. Mchezaji mwenye nguo za mwanzo huchekwa na wenzake. Kijana asiye na viatu vipya vya sikukuu anaijua hali hiyo.

Je, ni kamari?

Swali hili linaulizwa hapa kwetu kwa uzito wake, na hukumu ya dini ni ya masheikh. Tunachoweza kueleza ni jinsi nchi nyingine zilivyoliangalia. China ilizilazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu kuanzia Mei 2017. Ubelgiji, Aprili 2018, ilitamka kwamba makreti ya bahati yanayolipiwa katika baadhi ya magemu yanavunja sheria yake ya kamari. Marekani, Desemba 2022, iliifikisha Epic Games, wenye Fortnite, kwenye makubaliano ya dola milioni 520. Kati ya hizo milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja, wakiwemo wazazi ambao watoto wao walinunua vitu bila wao kujua.

Kwa maoni yangu, tofauti iliyo wazi ni hii: anayenunua skini kwa bei iliyoandikwa amenunua kitu, hata kama mzazi anakiona hakina maana. Anayelipa ili gurudumu lizunguke amenunua bahati.

Zawadi inapoiua hamu

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walikwenda kwenye skuli ya watoto wadogo huko Stanford, Marekani, wakawachagua waliokuwa wakipenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti kizuri chenye utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa kitu. Wiki chache baadaye, kalamu zilipowekwa mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Kuchora kulikuwa mchezo. Cheti kilikugeuza kazi.

Wachezaji wa zamani wataitambua hali hii. Wapo wanaokiri kwamba gemu hawalipendi tena, wanamaliza tu kazi za siku ili pasi waliyoilipia isipotee.

Lakini tusiseme yote ni mtego. Utafiti wa Richard Ryan na wenzake wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba magemu humvuta mtu pale anapojiona anaweza, anajiamulia, na yuko pamoja na wenzake. Kwa kijana aliyemaliza skuli na hana kazi, mahali panapomwambia kila dakika 10 kwamba amepanda hatua si jambo dogo. Ukimnyang'anya simu bila kumpa mahali pengine pa kupanda, huenda akaitafuta ya rafiki.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuliweka gemu mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Kupenda gemu peke yake si ugonjwa.

Kwa mwenye simu ndani ya nyumba

Mechi hizi hazisimamishwi katikati. Anayetoka anapoteza pointi na kuwaangusha wenzake watatu, ndiyo maana "Zima sasa hivi!" huleta ugomvi mkubwa. "Maliza hiyo, usianzishe nyingine" inaeleweka zaidi, na ukijua kwamba mechi ya Free Fire ni kama dakika 10 na ya PUBG Mobile hufika nusu saa, utajua lini unadanganywa.

Kwenye mipangilio ya Play Store unaweza kuweka sharti la neno la siri kwa kila ununuzi. Namba ya siri ya pesa za simu asiijue mtoto, hata yule unayemtuma kutoa pesa kwa wakala. Ukimwambia mara moja, ibadilishe. Arifa za gemu zizimwe, kwa kuwa nyingi ni za kuita: zawadi imekaribia kuisha, gurudumu limefunguliwa, msimu umebaki siku 3.

Na ajihadhari anayeuza au kununua akaunti yenye cheo kikubwa kupitia makundi ya simu. Masharti ya kampuni hizi hayaruhusu akaunti kuuzwa, na aliyeifungua mara nyingi anaweza kuirudisha mikononi mwake kwa barua pepe au namba aliyoisajilia, pesa akiwa ameshapokea. Vitu vyote vilivyomo, pamoja na skini ya maelfu ya shilingi, kwa mujibu wa masharti hayo hayo ni mali ya kampuni. Mchezaji ameazimwa.