Sindano mbili, na malipo ya majani ya chai

Wengi mmeniuliza kijishali cha mabegani nilichovaa kwenye ile picha ya theluji kimetoka duka gani. Hakuna duka, nimekifuma mwenyewe. Mbele kina misokoto kama kamba, pembeni matundu matundu kama ya vitambaa vya makochi, ila huku wanafumia sindano mbili ndefu, si ile moja yenye ndoano.

Misokoto inatoka visiwa vya Aran, Ireland. Watawaambia kwamba kila ukoo ulikuwa na mfumo wake ili mvuvi akizama atambulike kwa sweta. Hadithi tamu, lakini si kweli. Watu wameichota kwenye tamthilia ya J.M. Synge ya mwaka 1904, ambamo dada anamtambua kaka yake aliyezama kwa kuhesabu mishono ya soksi. Soksi, jamani! Zile sweta zenyewe zimeanza kufumwa karne ya 20, na nyingi zilikuwa za kuuza.

Ya matundu ndiyo yaliyoninyima usingizi. Hayo ni ya Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uskoti. Wanawake wa huko, hasa wa kisiwa cha Unst, walinyonyoa kwa mkono manyoya laini ya shingoni mwa kondoo, wakasokota uzi mwembamba kama unywele, wakafuma shali kubwa inayopita yote ndani ya pete ya ndoa. Walifuma hata wakitembea, na kikapu cha kuni za udongo mgongoni. Malkia Victoria alizipenda kazi zao, na mwaka 1851 zikaonyeshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London.

Sasa sikieni malipo. Mwenye duka alichukua shali, akalipa majani ya chai na vitambaa vya dukani kwake, kwa bei aliyoipanga yeye. Fedha taslimu hakuna. Mama ana chai tele lakini hana unga, kwa hiyo anazunguka kwa majirani kubadilisha chai na viazi. Kodi ya nyumba je? Mwenye nyumba hataki chai.

Sheria ya kukataza malipo ya namna hiyo ilikuwepo tangu 1831, ila wafumaji wa majumbani haikuwagusa. Mwaka 1872 tume ya serikali ilikaa Lerwick, na wanawake wakasimama mmoja mmoja kueleza, wengine wakijua mwenye duka atayasikia yote. Kwangu mimi huo ni ujasiri kuliko wa baharini. Sheria ikarekebishwa mwaka 1887 na kuwataja wafumaji, lakini kulipana kwa bidhaa kuliendelea hadi ndani ya karne ya 20.

Shangazi, uzi ulioniagiza nimeshaupata, rangi ya kahawia. Nisalimieni wote.