Sigara kazini: sheria ilitoka wapi? (Uzi)

Kila mjadala wa siasa ukifika kwa afya, kuna mmoja atasema "mapafu ni yangu, serikali iniache," na mwingine atajibu "pigeni marufuku sigara yote." Wanabishana kana kwamba jambo limeanza jana. Hebu tulifuate, bila kutaja chama cha mtu.

Tuanze 2004. Mwezi Machi, Ireland ikawa nchi ya kwanza kuzuia sigara katika maofisi, viwanda na hata baa nchi nzima. Hoja iliyoshinda haikuwa "sigara ni mbaya," hiyo kila mtu aliijua. Ilikuwa hoja ya mfanyakazi: mhudumu wa baa hachagui hewa anayovuta, na akiacha kazi watoto watalala njaa. Tarehe 25 Juni mwaka huo huo, Kenya ikatia saini mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku na kuuridhia siku hiyo hiyo.

Halafu ikawa vita. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ilitoa kanuni za kuzuia kuvuta hadharani. Kampuni za sigara zikakimbia kortini, kanuni zikasimamishwa. Bunge likaja na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, ikaanza kutumika Julai 2008. Kanuni za 2014 nazo zikapingwa mpaka Mahakama ya Juu, na kampuni ikashindwa Novemba 2019.

Sheria hiyo wengi wanaitaja, wachache wameisoma. Mahali pa kazi ni mahali pa umma. Ukivuta hapo, faini ni hadi shilingi 50,000, au jela hadi miezi sita, au vyote viwili. Lakini iliacha mlango wazi: mwajiri anaweza kutenga eneo la wavutaji, lililotenganishwa na wengine. Uganda, kwa sheria yao ya 2015, waliufunga mlango huo na kuongeza kwamba usivute ndani ya mita 50 kutoka mahali pa kazi.

Kwa hivyo anayekwambia Kenya imeharamisha sigara, anakudanganya. Kuuza na kununua ni halali. Bhutan ndio walizuia uuzaji, tena 2004 hiyo hiyo, magendo yakapita mpakani miaka yote, na 2021 wakaondoa katazo. Sisi wa Illasit hatuhitaji kuelezewa hilo. Tarakea, Tanzania, ni hapo tu ng'ambo.

Naandika haya kwa sababu stoo ya maharagwe ninapofanya kazi, wiki hii tunaamua: tufunge sigara uani kabisa, ama tuwaachie wavutaji kona yao. Kona yenyewe ni mabati manne yaliyoegemea ukuta wa magunia. Hiyo si eneo lililotengwa, ni moshi wenye paa. Akina mama wanaochagua maharagwe wanakaa mita chache kutoka hapo kutwa nzima, na vumbi la maharagwe peke yake linawatosha. Mmoja ana pumu. (Wazee wa ugoro watulie, ugoro wao haumfikii jirani.)

Mimi niko upande wa kufunga kabisa. Lakini wapakiaji wana hoja ambayo watu wa "piga marufuku" huwa wanairuka: wao wanalipwa kwa gunia. Ukimtuma mtu nje ya geti kuvuta, lori linapakiwa na wengine na pesa yake inapungua. Bosi akivuta, anatoka na mshahara wake unaendelea.

Nimependekeza mapumziko mawili ya dakika kumi kwa wote, anayevuta na asiyevuta, na lori lisubiri. Bosi amesema lori halisubiri mtu. Sasa tunabishana kuhusu dakika.