Mtihani wa Kiingereza kwa Watu Wazima: Mfano wa Mbuji na Pwani ya Nyasa

Nia ya makala hii ni kuchunguza jambo moja katika historia ya elimu ya nchi yetu ambalo aghalabu hupitwa na waandishi, kwa kudhaniwa kuwa ni kazi ya walimu tu: namna watu wazima walivyopimwa ujuzi wao wa Kiingereza. Mfano wetu ni Mbuji, kata iliyo katika milima ya Umatengo, Wilaya ya Mbinga, pamoja na pwani ya Ziwa Nyasa iliyo chini ya milima hiyo, ambayo tangu mwaka 2012 ina wilaya yake yenyewe. Tumeichagua nchi hii kwa sababu huko Kiingereza hakikuwa lugha ya soko, wala ya shamba, wala ya nyumbani. Kilifika kwa njia ya darasa na cheti. Basi watu wengi wa huko walikijua Kiingereza kama mtihani kabla ya kukijua kama lugha ya mazungumzo, na jambo hilo lina matokeo yake mpaka leo.

Kwanza yafaa tuitazame hali ya lugha. Milimani husemwa Kimatengo. Pwani husemwa Kimanda, Kimpoto na Kinyasa. Kiswahili ni lugha ya wote, lakini kwa wengi ni lugha ya pili, na Kiingereza kikaja kuwa ya tatu. Wamisionari wa kwanza waliujua ukweli huu. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, na Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera akachapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Upande wa ziwa, Misheni ya UMCA ilifanya kazi kutoka kisiwa cha Likoma, W. P. Johnson, aliyefariki Liuli mwaka 1928, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafsiri Maandiko kwa Kinyanja. Katika siku hizo mgeni ndiye aliyekuwa mwanafunzi mtu mzima, na mwenyeji ndiye mtahini wake. Mgeni aliyekosea lugha alijua kosa lake papo hapo, kwa kuwa hakueleweka.

Njia mbili hizi za dini ziliacha alama. Kanisa la pwani lilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Nyasaland mpaka mwaka 1952, ilipoundwa Dayosisi ya Kusini-Magharibi mwa Tanganyika. Wakuu wake walikuwa Waingereza, na safari za meli zilimfikisha mtu ng'ambo, katika nchi ambayo Kiingereza kilikuwa na nafasi kubwa. Milimani, mapadre walikuwa watu wa lugha ya Kijerumani, na kazi yao kwa watu waliifanya zaidi kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Liuli na mtu wa Mbuji hawakukiendea Kiingereza kwa njia moja, ingawa karatasi ya mtihani iliyowangoja ilikuwa moja.

Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya 1914–1918 walikikuta Kiswahili kikitumika katika kazi za serikali tangu enzi ya Wadachi, nao wakaendelea kukitumia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake mwaka 1930. Hapo ikatokea hali ya kustaajabisha, ya mitihani miwili iliyotazamana. Ofisa Mwingereza alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili ili athibitishwe katika kazi yake; na mtihani huo ulikuwa na sehemu ya kusema, kwa kuwa ofisa asiyeweza kuzungumza na watu hafai kitu. Mwafrika aliyetaka ukarani au ualimu wa madarasa ya juu, naye, alipimwa kwa Kiingereza, katika mitihani ya Darasa la Nane na la Kumi, na baadaye ya Cambridge; na huyu alipimwa zaidi kwa kalamu. Mmoja aliulizwa, "Je, waweza kufanya kazi kwa lugha hii?" Mwingine aliulizwa, "Je, umekisoma kitabu?" Hayo si maswali ya namna moja.

Isidhaniwe kwamba kupuuza usemi kulitokana na kutojua. Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanzisha mtihani wake wa ustadi wa Kiingereza kwa wageni mwaka 1913, mtihani huo ulichukua muda wa saa kumi na mbili hivi, ukiwa na tafsiri, insha, sarufi, fasihi, matamshi, imla na mazungumzo. Watahiniwa walikuwa watatu tu, na hakuna aliyefaulu. Watahini walijua, basi, kwamba ujuzi wa lugha una sehemu nyingi. Lakini kumsikiliza mtu mmoja mmoja kwahitaji mtahini, muda na fedha, na karatasi yaweza kupelekwa mahali popote ndani ya bahasha. Kadiri watahiniwa walivyozidi, ndivyo kalamu ilivyoushinda ulimi.

Mtihani wa namna hii humwonea mtu mzima wa Mbuji kwa njia tatu. Ya kwanza ni tafsiri. Anapotakiwa kugeuza sentensi ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza, hupimwa lugha mbili kwa pamoja, na zote mbili si lugha ya mamaye. Akikosea, mtahini hawezi kujua kosa limeingilia mlango upi.

Ya pili ni matamshi na imla. Kiswahili kina irabu tano, na Kimatengo kina saba. Mtahini anayefundishwa kwamba kila Mtanzania hukosea Kiingereza kwa sababu ya irabu tano za Kiswahili amemfanya Mmatengo kuwa mtu mwingine. Yamkini masikio ya Mmatengo hutofautisha sauti fulani ambazo mwenzake wa Unguja hana haja ya kuzitofautisha katika lugha yake. Jambo hili lastahili uchunguzi wa wataalamu wetu.

Ya tatu ni maudhui. Tuseme mtahiniwa ameambiwa aandike insha juu ya safari ya gari moshi. Mbinga haina reli. Mtu huyo huyo angeambiwa aeleze jinsi ngolo zinavyochimbwa mlimani, majani yakipangwa kwanza kwa miraba na udongo ukifukiwa juu yake, au jinsi kahawa inavyomenywa na kuanikwa, angekuwa na la kusema tangu mwanzo hata mwisho. Na hapo tungepima Kiingereza chake, tusipime ugeni wake wa gari moshi.

Kwamba mtu mzima aweza kupimwa kwa haki, nchi yetu ilikwisha kuonyesha, ila si kwa Kiingereza. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mradi wa kisomo cha kazi wa Mwanza, ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO tangu mwaka 1968, ukatoa vitabu vya kusomea vilivyohusu kazi za watu wenyewe, kama vile pamba, ndizi na uvuvi. Kisha watu wazima wakapimwa kote nchini katika miaka ya 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986. Hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 39 mwaka 1975 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Hesabu hizo zaweza kujadiliwa. Tunalolitazama hapa ni kipimo chenyewe. Kilikuwa na ngazi nne, na ngazi hizo zilielezwa zaidi kwa matendo, kama vile kutambua herufi na maneno, kusoma sentensi fupi, kuandika ujumbe, na kutumia kusoma, kuandika na hesabu katika shughuli za kila siku. Mtu hakuambiwa tu kwamba amefaulu au ameshindwa. Aliambiwa amefika wapi.

Kiingereza hakikupata kipimo cha namna hiyo. Uchunguzi mkubwa wa Clive Criper na Bill Dodd, uliotolewa mwaka 1984, ulitumia majaribio ya kujaza mapengo, ambayo asili yake ni kazi ya Wilson Taylor, Mmarekani, ya mwaka 1953. Waliona kwamba katika Kidato cha Nne kiasi cha asilimia 10 tu ya wanafunzi walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetazamia elimu kwa Kiingereza ianzie hapo. Ikiwa hali ilikuwa hiyo kwa vijana waliokaa darasani miaka minne, itakuwaje kwa mtu mzima anayejisomea kwa taa baada ya kazi ya shamba?

Mtu huyo bado yupo. Asiyepata nafasi ya sekondari katika ujana wake, akitaka kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, amekuwa akitakiwa kwanza kufaulu Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Humo Kiingereza ni somo mojawapo. Lakini historia, jiografia na biolojia nazo huulizwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo anafanya mtihani wa Kiingereza mara nyingi, mmoja ukiwa na jina lake na mingine ikiwa imejificha chini ya majina mengine. Akishindwa biolojia, hakuna ajuaye kama alishindwa na viungo vya mmea au na maneno ya swali.

Wako watakaosema kwamba kipimo cha matendo ni ghali, na kwamba watahini wawili waweza kumsikiliza mtu mmoja wakatoa alama mbili. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini kipimo kilicho thabiti na kisicho cha kweli hakina faida. Ni sawa na mizani isiyotikisika ambayo kila siku hupunguza uzito wa kahawa ya mkulima. Uthabiti hupatikana kwa kuwafundisha watahini, na nchi iliyowapima mamilioni ya watu wazima mwaka 1975 haiwezi kusema kwamba kazi hiyo haiwezekani.

Twashauri, basi, mambo matatu. Ngazi za Kiingereza kwa watu wazima zielezwe kwa matendo, kama zilivyoelezwa zile za kisomo. Maudhui ya maswali yatoke katika maisha ambayo mtahiniwa anayajua. Na maswali ya masomo mengine yaandikwe kwa lugha ambayo mtahiniwa ataelewa anachoulizwa, ili biolojia ipime biolojia. Ofisa wa zamani aliyetumwa kufanya kazi kusini aliulizwa kama aweza kusema na watu. Mtu mzima wa Mbuji anastahili swali la namna hiyo hiyo, na muda wa kulijibu.