Sadaka iliyojenga karakana: Safari ya MIOME hadi Chuo Kikuu

WAHENGA walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hata hivyo, tusikiapo neno sadaka, fikira zetu huenda kwa chakula cha yatima, blanketi za waliokumbwa na mafuriko au ujenzi wa msikiti na kanisa. Ni nadra kukumbuka kwamba mashine ya kukereza vyuma na ada ya mwanagenzi wa umeme pia vyaweza kuwa sadaka, tena yenye kudumu.

Ushahidi upo Tudor, jijini Mombasa, kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chimbuko lake ni Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana zaidi kwa ufupisho wa jina lake la Kiingereza, MIOME. Msingi wake uliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa michango ya watu ambao si kawaida kuwakuta katika daftari moja.

Miongoni mwao alikuwa Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ambaye mnamo 1945 alikuwa ameanzisha mjini humo jumuiya ya kustawisha hali ya Waislamu wa Afrika Mashariki. Alikuwapo Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, ambaye ukanda wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki yake, japo ulitawaliwa na Waingereza. Alikuwapo pia Sayyidna Taher Saifuddin, kiongozi wa Mabohora. Serikali ya kikoloni nayo ilitia mkono, gavana akiwa Sir Philip Mitchell.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Aga Khan na Sayyidna waliongoza matawi mawili tofauti ya Shia, naye Sultani alikuwa Ibadhi. Waislamu wengi wa pwani, kwa upande wao, ni Wasuni wa madhehebu ya Shafii. Kwa hivyo wafadhili walitoa mali yao wakijua kwamba wengi watakaofaidika hawatakuwa wafuasi wao. Haja iliwaunganisha: shule nyingi za enzi hiyo zilikuwa za wamishonari, na wazazi wengi Waislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko. Matokeo yake ni vijana kukosa ujuzi ambao bandari, reli na viwanda vilihitaji.

Taasisi hiyo ilikusudiwa kuwapa elimu ya ufundi wanafunzi Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Baada ya uhuru mpaka huo uliondolewa. Mnamo 1966 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa na milango ikafunguliwa kwa wote, bila kujali dini wala rangi. Mwaka wa 1972 ikawa chuo cha pili cha kitaifa cha ufundi baada ya kile cha Nairobi. Mnamo 2007 ilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka wa 2013 ikawa chuo kikuu kamili.

Mombasa haikuwa peke yake. Mapema miaka ya 1970, wimbi la Harambee lilielekea kwenye taasisi za teknolojia. Huko Nyeri, wakulima wa kahawa, kupitia chama chao, ndio waliobuni wazo la Taasisi ya Teknolojia ya Kimathi, ambayo mwaka wa 2012 ilitunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu. Magharibi mwa nchi, chuo cha WECO kilichozaliwa kwa moyo huo huo ndicho leo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Hata hivyo, Harambee ilifichua udhaifu wake. Kuchangisha fedha za kuta na mabati ni rahisi, kwani jengo huonekana na jina la mfadhili huandikwa mlangoni. Elimu ya ufundi haiishii hapo. Vyuma na mbao huliwa na mazoezi kila siku, mashine huchakaa na mwalimu hudai mshahara mwisho wa mwezi. Taasisi kadhaa zilibaki na madarasa yasiyo na vifaa hadi serikali ilipoingilia kati. Aidha, michango iligeuzwa jukwaa la wanasiasa, hata sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka wa 2003 ikalazimika kuwawekea vikwazo maafisa hao.

Pwani ina jibu la kale kwa tatizo hili, nalo ni wakfu. Mwenye shamba au nyumba huiondoa katika umiliki wake. Mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake hutumika kwa kusudi lililotajwa, mwaka nenda mwaka rudi. Hazina za kudumu za vyuo vikuu vya nchi za Magharibi hufuata kanuni iyo hiyo: mtaji hutunzwa, faida ikatumiwa.

Basi anayetaka kuchangia elimu ya ufundi asiulize tu jengo litagharimu kiasi gani. Aulize pia ni nani atakayenunua vyuma mwaka wa tano, na ni nani atakayeitengeneza mashine itakapoharibika. Kutoa ni moyo, naam. Lakini karakana huhitaji moyo usiochoka siku ya pili baada ya sherehe ya ufunguzi.