Wageni wa Haydom

Kutoka Arusha mpaka Haydom ni mwendo wa karibu kilomita 300. Mahali penyewe pako katika nyanda za juu za Mbulu, na ni mahali pa ajabu kwa mwanafunzi wa lugha, maana hukutana hapo makabila ambayo ndimi zao hazina udugu: Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wafugaji, wenye lugha ya Kinailoti, Waisanzu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi. Zamani mbung'o walizuia watu kukaa sehemu nyingi za kusini mwa Mbulu. Vichaka vilipofyekwa katika zama za Mwingereza, Wairaqw waliteremka na ng'ombe wao na majembe yao wakaijaza nchi, lakini mganga wa kuwatibu alikuwa mbali nao.

Nafasi hiyo ndiyo waliyoiingia Wanorwe. Misioni yao ya Kilutheri iliundwa mwaka 1891 kwa ajili ya China, wala si kwa ajili ya Afrika. Milango ya China ilipofungwa baada ya 1949, wamisionari wake walitafuta mashamba mengine, na Tanganyika ikawa mojawapo. Hivyo mapinduzi ya Peking yalizaa hospitali katika Mbulu. Ilifunguliwa mwaka 1955, ikiwa na vitanda 50.

Mwaka 1961 walifika Haydom Daktari Ole Halgrim Evjen Olsen na mkewe Kari. Msomaji na auangalie mwaka huo vizuri. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, na Wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku yao; hawa wawili walikuwa wakiyafungua. Tena walikuja wakati ambapo misioni zenyewe zilikuwa zikihubiri kwamba kazi ya mmisionari ni kulea kanisa, kisha kulikabidhi na kwenda zake. Mwaka 1963 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika liliundwa, na katika miaka hiyo hiyo hospitali ya Haydom ikawa mali ya kanisa la wenyeji. Kwa hati, basi, makabidhiano yalikwisha mapema. Kwa matendo, Nyerere aliondoka madarakani mwaka 1985, Mwinyi akaja akaondoka mwaka 1995, na Daktari Olsen na Kari walikuwa wako Haydom bado.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee hawakusema apewe nini katika mwaka wa 40.

Hapa ndipo penye ugumu, na haufai kupitwa haraka kwa kusifu tu. Aliyekaa muda huo huwajua wagonjwa, kisha watoto wao, kisha wajukuu. Hujua njia ipi hukatika masika. Maarifa hayo hayaletwi na mtaalamu wa mkataba wa miaka miwili. Hospitali ilikua mpaka ikapita vitanda 400, na mwaka 1984 ikapata chuo cha wauguzi, jambo ambalo huenda ni kubwa kuliko majengo yote, kwa kuwa muuguzi aliyefundishwa hapo huweza kufanya kazi popote nchini bila kumtegemea Mnorwe yeyote. Walakini mti mkubwa hutia kivuli. Uongozi ulipomtoka mzee haukutoka nyumbani mwake: uliangukia mwanawe Øystein, ambaye naye ni daktari. Yeye hakuwa mgeni wa jana; lakini kwa mtu anayeuliza kanisa la wenyeji lilimiliki nini hasa, jambo hilo halikosi uzito. Na fedha nazo, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ilitoka Norway, kwa serikali yake na kwa marafiki wa hospitali.

Inafaa kuwalinganisha na Albert na Katharine Cook wa Mengo, Uganda. Wote wawili walifika Uganda mwaka 1897 katika msafara mmoja, yeye daktari, bibi muuguzi, wakaoana mwaka 1900. Katharine aliwafundisha wasichana wa Kiganda ukunga, na kwa kazi hiyo jina lake husomwa peke yake, si kama mkia wa jina la mumewe. Taarifa za misioni kwa kawaida si karimu hivyo. Humhesabu daktari kwa wagonjwa aliowapasua; mke aliyepokea wageni usiku, akalea watoto mbali na nduguze, akakaa miaka ile ile katika vumbi lile lile, hupewa mstari mmoja wa shukrani. Kari Olsen hakukaa Haydom hata mwaka mmoja pungufu kwa sababu hakuwa daktari.

Akina Cook walizikwa Namirembe, wakamaliza hoja yao kwa kaburi. Huko Haydom hoja ilimalizwa na uongozi wenyewe. Hospitali, ambayo sasa ni ya rufaa, ni ya Dayosisi ya Mbulu. Ukurugenzi wake umekwisha kushikwa na madaktari Watanzania, na msaada wa Norway umepungua. Wao ndio wanaopaswa kutafuta mishahara na dawa kwa ajili ya vitanda vile 400, katika nchi ambayo mkulima huvuna mara moja kwa mwaka, na hulipa akivuna.