Njugu za Pasadena

Katika maabara ya Pasadena, jimbo la California, ambamo wataalamu wa falaki na mitambo huviongoza vyombo vya angani, kuna ada moja ambayo mgeni aweza kuidhania mzaha: saa ya hatari ikikaribia, chupa ya njugu nyasa hupitishwa mkono kwa mkono, na kila mtu, awe mkuu awe mdogo, hutwaa chache akatafuna. Asili yake ni mwaka 1964, pale chombo cha Ranger 7, baada ya sita vilivyokitangulia kushindwa, kilipoufikia mwezi na kuleta picha, na katika safari hiyo mtumishi mmoja alikuwa amewagawia wenzake njugu. Tangu hapo watu hao wa hesabu, wasiosadiki fali, hawapendi kuzikosa.

Usiku wa tarehe 5 Agosti 2012 zililiwa kwa hofu kubwa, kwani gari liitwalo Curiosity, lenye uzito wa karibu kilo 900, lilikuwa likiteremshwa juu ya Mirihi kwa kamba kutoka chombo kilichoelea kwa nguvu za roketi, tadbiri isiyopata kujaribiwa huko kabla. Kushuka kulikuwa kwa dakika 7, ilhali habari zilichukua dakika kama 14 kufika duniani; basi walingoja jambo lililokwisha kuwa, salama au maangamizi. Huko New York, saa saba na nusu ya usiku ikiwa imepita, umati uliosimama Times Square ukikodolea macho kioo kikubwa ukapiga makelele kama ya mpirani habari ya kutua salama ilipofika. Picha ya kwanza ya gari hilo, kusema kweli, ilikuwa duni: ndogo, yenye vumbi, gurudumu moja likionekana, na watu wazima wakailia machozi.