Milki ya uwekezaji si kila kitega uchumi

Mtaani, kitega uchumi ni chochote kinachomwingizia mtu fedha: bodaboda, shamba la mikorosho, gesti. Neno zuri, lakini kwa mhasibu ni pana mno. Yeye anatafuta jina la ardhi na majengo yanayoshughulikiwa na Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 40, kilichoanza kutumika mwaka 2001. Afadhali aseme milki ya uwekezaji: ardhi au jengo lililoshikwa ili lilete kodi ya pango, au lingojewe lipande thamani, au yote mawili.

Gesti inatoka hapo. Mwenye gesti anauza huduma, yaani shuka safi, maji ya moto na chai ya asubuhi. Jengo ni chombo chake cha kazi, basi linakwenda kwenye mali za kudumu chini ya kiwango namba 16, pamoja na mashine na magari. Nyumba za wafanyakazi wa kampuni nazo ni huko huko, hata wakilipa kodi ya bei ya soko. Na anayejenga fleti za kuuza, fleti kwake ni bidhaa, sawa na magunia ya sukari stoo. Hati ya nyumba haiamui lolote hapa. Kinachoamua ni matumizi.

Chukua ghorofa nne za Kariakoo: chini mwenyewe anauza vitenge, juu amepangisha. Mkaguzi atauliza kwanza kama sehemu hizo zinaweza kuuzwa mbalimbali, jambo ambalo Tanzania ina sheria yake ya umiliki wa sehemu za jengo tangu 2008. Zikiweza, kila sehemu inaandikwa kivyake. Zisipoweza, jengo zima ni milki ya uwekezaji pale tu ambapo duka limechukua eneo dogo lisilo na uzito. Duka lililomeza sakafu nzima kati ya nne, kwa maoni yangu, si dogo.

Tofauti inauma kwenye faida. Duka hukatwa uchakavu kila mwaka. Huko juu, mwenye jengo akichagua thamani ya soko badala ya gharama, uchakavu haukatwi, na mthamini akipandisha bei, ongezeko lote ni faida ya mwaka huo, ingawa hakuna mpangaji aliyeongeza hata shilingi. Duka nalo laweza kuthaminiwa upya, ila ongezeko lake kwa kawaida hupelekwa kwenye akiba ndani ya mtaji, bila kupitia faida.